Tarehe ya Kurudi: Historia Fupi ya Umbali kati ya Mgonjwa na Daktari

Likitajwa jina Msasani, wengi hufikiria rasi ya Dar es Salaam. Msasani ninayoizungumzia ni kata ya Tukuyu, wilayani Rungwe, katika miinuko ya chai na migomba. Mgonjwa wa presha wa huko akipangiwa tarehe ya kurudi kwa daktari bingwa, husafiri hadi Mbeya, takriban kilomita 70, aulizwe maswali machache na pengine aandikiwe dawa zilezile. Siku hizi tunaambiwa kuwa miadi kwa njia ya mtandao itaifuta safari hiyo. Kabla hatujashangilia, tuitazame historia.

Mwaka 1891 wamisionari wa Kimoravian walijenga kituo chao Rungwe. Katika vituo vya misheni vya zama zile, mgonjwa ndiye aliyeifuata tiba kwa miguu. Mwaka 1957 madaktari wa upasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees walianzisha huduma ya madaktari wa ndege Afrika Mashariki, iliyokuja kuitwa AMREF. Baadaye redio iliunganisha hospitali za mbali na Nairobi. Jambo moja lisisahaulike: kando ya ile redio alikuwapo mhudumu aliyeweza kumpima mgonjwa, kisha akaeleza alichokiona.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilielekeza nguvu kwenye zahanati na vituo vya afya vijijini. Umbali ukatambuliwa kuwa deni la taifa zima. Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ulipoanza katika hospitali za umma, sehemu ya deni hilo ilirudi begani kwa mgonjwa. Mwaka 2004 ulipoanza mpango wa taifa wa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, kadi yenye tarehe ya kurudi kliniki ikawa nguzo ya tiba. Na mwaka 2012 Wazazi Nipendeni ilianza kuwakumbusha wajawazito mahudhurio yao kwa ujumbe mfupi wa simu, bila malipo.

Historia hii inatufundisha kuuliza swali moja kila kinapokuja chombo kipya: nani anaubeba umbali? Miadi ya video inayomtaka bibi wa Msasani awe na simu janja, bando na mashine ya kupimia presha haijaufuta umbali. Imebadilisha nauli tu. Daktari asiyejua kipimo cha leo atabaki kukisia.

Pendekezo langu ni kwamba miadi hiyo ifanyikie katika zahanati. Muuguzi ampime mgonjwa, asome vipimo mbele ya daktari aliyeko Mbeya, na dawa zitolewe palepale. Anayehitaji kuguswa na daktari apewe rufaa bila kucheleweshwa. Faragha nayo ilindwe: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na ugonjwa wa mtu ni siri yake hata mbele ya kamera.

Wanaopanga bajeti za halmashauri ni miongoni mwa wasomaji wangu. Mstari wa intaneti na mshahara wa muuguzi viandikwe pamoja. Kimoja bila kingine kitamrudisha bibi yule barabarani.