Magari Nyuma ya Kwaya

Kamati ya jubilei ilipotangaza ibadani kwamba kila mwenye picha ya zamani ya kwaya ailete, tulitarajia picha kumi au kumi na tano. Zilikuja nyingi hata tukaazima meza mbili za jikoni la kanisa. Nyingine zilitolewa kwenye fremu, nyingine zilikuwa zimehifadhiwa ndani ya Biblia, na moja ililetwa imefungwa kwa leso. Shida yetu ikawa miaka. Nyuma ya picha nyingi hapakuwa na maandishi, au palikuwa na neno moja tu: "Ukumbusho".

Wazee wetu walitaja majina bila kusita. Walipoulizwa mwaka, ubishi ukaanza. Huyu anasema ni kabla ya kanisa kuezekwa mabati, yule anasema ni baada, na mama mmoja wa sauti ya pili anakumbuka tu kwamba alikuwa na mimba ya kifungua mimba wake na viatu vilimbana. Ndipo mwenzetu wa sauti ya nne, fundi wa magari aliyestaafu, alipoomba kioo cha kukuzia. Akaziacha nyuso zote, akatazama kule nyuma, penye magari.

Kwaya ya miaka ile ilipenda kupigwa picha kando ya gari. Ukipata gari uwanjani, unalisogelea, unaweka mkono juu ya boneti, mpiga picha anahesabu. Gari mara nyingi lilikuwa la daktari, la mwenye duka au la mgeni aliyekuja kuhubiri. Hatujaona hata picha moja ambamo mwenye kuegemea gari ndiye mwenye gari. Lakini magari hayo ya watu yametusaidia kuliko kumbukumbu zetu wenyewe, kwa sababu kila aina ilianza kutengenezwa mwaka unaojulikana, na viwanda vilikuwa vikibadilisha taa, vioo na bampa kila baada ya muda.

Fundi alitufundisha kanuni moja kwanza. Gari linakuambia picha haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka fulani. Halikuambii picha ni ya mwaka huo. Hapa kwetu gari likinunuliwa leo, litapigwa picha na wajukuu. Kwa hiyo ukiona gari la 1955 pichani, usiandike 1955. Tafuta gari jipya kuliko yote yanayoonekana, hata kama ni kipande cha taa tu, na uanzie hapo.

Volkswagen ile ya mgongo wa kobe isomwe kwa nyuma. Kioo cha nyuma kilichogawanywa mara mbili ni cha kabla ya katikati ya 1953. Kioo kimoja cha umbo la yai kiliendelea mpaka 1957, kisha kikaja kikubwa chenye pembe. Morris Minor isomwe kwa mbele: mpaka 1956 kioo chake cha mbele kilikuwa vipande viwili, baadaye kikawa kimoja. Ford Anglia iliyoanza 1959 haihitaji fundi, kwa kuwa kioo chake cha nyuma kimeinamia ndani, kinyume cha magari mengi. Mercedes yenye mapezi ya samaki juu ya taa za nyuma ni ya kuanzia 1959, na ukiiona katika picha ya uzinduzi wowote, aliyekuja nayo alikuwa mkubwa. Si bure Wakenya waliwaita watu hao Wabenzi.

Peugeot ndizo nyingi zaidi katika picha zetu, na wazee hawashangai. Peugeot 404 ilianza 1960, nayo ina mapezi madogo nyuma. Ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Mashindano hayo kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, na walimu wa kwaya wa enzi hizo wanajua jinsi sauti ya tatu ilivyopungua ghafla Jumatatu ya Pasaka magari yakipita. Peugeot 504 ilionyeshwa mara ya kwanza kule Ufaransa Septemba 1968. Taa zake za mbele si za duara kama za 404. Zina pembe, zimekatwa kwa mshazari, kama macho ya mtu anayetaka kusinzia. Ile ndefu ya viti vya safu tatu ndiyo iliyobeba abiria saba katika safari za mbali, na wengi wetu tuliwahi kukalishwa kule nyuma kabisa pamoja na ngoma.

Namba za gari nazo zina habari. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980 namba ya Kenya ilikuwa herufi tatu kuanzia K, kisha tarakimu, basi. Herufi ya mwisho iliongezwa mwaka 1989. Picha yenye gari la namba inayoishia kwa herufi haiwezi kuwa ya ujana wa wazee wetu, hata ikiwa imechakaa vipi. Na tahadhari moja: studio za zamani zilikuwa na mapazia yaliyochorwa magari na ndege. Gari la pazia halihesabiki, ingawa nguo zilizovaliwa mbele yake ni za kweli.

Sasa tueleze kwa nini tulikesha na mambo haya. Kuna picha ambayo kwa miaka mingi imejulikana kama picha ya kwaya ya kwanza. Nyuma yake pameandikwa kwa penseli "1965", mwaka kwaya ilipoanza. Familia ya mwalimu wetu wa kwanza, aliyefariki mwaka 1967, imeitunza kama picha pekee ya baba yao: yule mrefu wa safu ya nyuma, mwenye kofia. Fundi alipoitazama, aliona begani kwa mama wa pili kushoto kipande cha boneti na taa moja. Taa ile ina pembe, imekatwa mshazari. Ni 504. Picha hiyo haiwezi kuwa ya 1965, wala mwenye kofia hawezi kuwa mwalimu.

Tulikwenda watatu kwa binti yake, ambaye sasa ni nyanya wa watu, na tulikunywa chai vikombe viwili kabla ya kusema. Alitusikiliza mpaka mwisho. "Basi huyo ni baba mdogo," akasema. "Walifanana. Nami nimemlilia baba mdogo miaka hii yote." Akanyamaza, kisha akauliza kama katika zile nyingine zote baba yake hayumo.

Tulirudi mezani. Kulikuwa na picha moja tuliyokuwa tumeiweka kando: watu kumi na mmoja mbele ya Land Rover, na mwanamume mmoja kando yao ameinua mkono akiongoza wimbo. Taa za Land Rover hiyo ziko katikati, karibu pamoja, pale penye wavu wa mbele. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 taa zilihamishiwa kwenye madigadi. Hilo halithibitishi mwaka, kwa kanuni ileile, lakini halimkatai mwalimu. Kilichomkataa ni mkono. Kila aliyeimba chini yake anakumbuka kwamba aliongoza kwa mkono wa kushoto. Shuleni walimchapa mpaka akaandika kwa kulia, ila wimbo hawakuweza kuuhamisha. Mtu wa pichani ameinua mkono wa kulia.

Fundi ndiye aliyegundua kwamba usukani wa Land Rover unaonekana upande wa kushoto. Kenya tunaendesha kwa kufuata kushoto, na usukani hukaa kulia. Akasogeza kioo kwenye namba: herufi K ilikuwa imetazama nyuma. Aliyesafisha picha aliigeuza filamu, na kila kitu kikatoka kama kwenye kioo cha kujitazamia. Tukaenda kwa kijana wa duka la fotokopi akaigeuza. Usukani ukarudi kulia, K ikasomeka, na mwalimu akainua mkono wa kushoto.

Binti yake aliitazama kwa muda mrefu. Hakuuliza habari za gari. Picha hiyo, ikiwa imegeuzwa sawasawa, ndiyo iliyo kwenye jalada la kijitabu hiki. Ile ya 504 imo katika ukurasa wa kati, na akina mama walio ndani yake wataitwa mbele leo kwa majina yao, kama kizazi cha pili cha kwaya, ambacho ndicho kilichonunua kinanda.

Picha tatu bado hazina mwaka. Tumezibandika kwenye ubao karibu na mlango wa ofisi ya mchungaji. Katika picha namba 12 wanakwaya wamesimama juu ya lori la Bedford, ubavu wake umefunguliwa. Namba ya lori inaanza na KF, na zilizobaki zimefunikwa na mguu wa mtu aliyevaa soksi za mistari. Mwenye mguu huo, kama yumo ibadani, tunamwomba afike mezani kwetu kabla ya chakula.