Kibali cha Kwenda Kaskazini

Jumbe Kimemeta wa Pangani alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu, mtu aliyezoea njia za bara kabla ramani zake hazijachorwa. Ndui ilikuwa imemchora uso na kumharibu jicho moja. Mwaka 1887 tajiri wa Kihungaria, Samuel Teleki, alipotafuta mtu wa kumfikisha kwenye ziwa kubwa ambalo Wazungu walikuwa wakilisikia tu, Kimemeta ndiye aliyekubali, ingawa yeye mwenyewe biashara yake ilizoea kuishia pande za Baringo. Nyuma yao walifuata mamia ya wapagazi wa pwani.

Ziwa hilo walilifikia Machi 1888. Baada ya siku nyingi za kutembea juu ya mawe meusi ya volkano, watu waliyaona maji wakatupa mizigo na kuyakimbilia, wengine wakajitosa na nguo zao. Walipoyaonja wakakuta yana magadi. Teleki akaliita ziwa jina la Rudolf, mrithi wa kiti cha Austria. Rudolf akajiua Januari 1889, hata mwaka haujatimia, lakini jina lake likabaki ziwani hadi 1975, Kenya ilipoliita Turkana.

Vitabu vya shule vilituambia Teleki aligundua ziwa. Waelmolo waliokuwa wakivua samaki humo sijui walikuwa wakifanya nini muda wote huo.

Ardhi ile haikuwa pori lisilo na njia. Wagabbra, wafugaji wa ngamia, walikuwa wakilivuka jangwa la Chalbi wapendapo, na bado wapo wanaohama kwa mtindo ule ule. Asubuhi wanawake huibomoa nyumba. Fito zake zilizopinda hufungwa ubavuni mwa ngamia, mbili huku na mbili kule, mikeka hutandazwa, na ndani yake hupandishwa watoto wadogo, wazee, na mwana-mbuzi aliyezaliwa jana. Msafara huenda kisima hadi kisima, na kila kisima kina wenyewe na utaratibu wake. Mgeni anayeomba maji hupewa, akifuata zamu. Huo ndio uliokuwa utawala wa kaskazini, na ulifanya kazi.

Ulioleta mpaka ni woga wa serikali. Baada ya ushindi wa Adwa mwaka 1896, Mfalme Menelik wa Ethiopia alikuwa akisogea kusini, na Waingereza, ambao mawazo yao yote yalikuwa kwenye reli na mashamba ya walowezi, walitaka nchi ya kuwakinga. Kufikia 1909 walikuwa wakiweka vituo vyao vya utawala Marsabit na Moyale. Eneo lote likaitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, maarufu kwa herufi tatu tu za Kiingereza, NFD. Hawakuwa na nia ya kuiendeleza. Walitaka tu iwepo, iwe kubwa, na iwe kimya.

Ndipo ikaja karatasi. Sheria ya 1902 ilimruhusu gavana kuzifunga wilaya za pembezoni, na mwaka 1926 NFD ikafungwa. Asiyekuwa mwenyeji hakuingia bila kibali, na mwenyeji hakutoka bila ruhusa. Sheria nyingine ya 1934 ikawapa maofisa nguvu ya kuamua nani alishe wapi, na kuliadhibu kabila zima kwa kosa la mmoja. Ng'ombe nao walifungiwa kwa karantini, kisingizio kikiwa magonjwa, na kweli magonjwa yalikuwepo. Lakini ukiuliza nani alinufaika mifugo ya Waborana ilipokosa soko la kusini, jibu linakupeleka moja kwa moja kwenye mashamba ya walowezi.

Kibali hakikumzuia kila mtu. Wamarekani Martin na Osa Johnson walikaa karibu na ziwa la volkano msituni Marsabit kati ya 1924 na 1927, wakipiga picha za sinema za ndovu. Mwenye sinema alipita. Mwenye ng'ombe alirudishwa.

Serikali ilijua thamani ya nchi iliyofungwa. Mwaka 1953, baada ya kesi ya Mau Mau iliyosikilizwa Kapenguria, Jomo Kenyatta na wenzake walipelekwa Lokitaung, karibu na mpaka wa Sudan. Haikuhitajika kuta ndefu. Nani angefika huko bila kibali?

Uhuru ulipokaribia, tume ya mwaka 1962 ilizunguka NFD na kukuta Wasomali na wengi wengine wanataka kujiunga na Somalia. London ikapuuza. Juni 1963 Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa kwa risasi pamoja na chifu Haji Galma Dido wakiwa ziarani. Wanaopita Mtaa wa Wabera jijini Nairobi leo wengi hawajui jina hilo ni la nani. Desemba mwaka huo huo, wiki mbili baada ya bendera kupandishwa, hali ya hatari ikatangazwa kaskazini. Vita kati ya serikali na waliotaka kujitenga, vilivyoitwa Vita vya Shifta, vilidumu hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyosimamiwa na Kenneth Kaunda. Watu walikusanywa katika vijiji vya lazima, mifugo ikafa au ikauawa. Na sheria za hatari hazikwisha pamoja na vita. Ziliondolewa mwaka 1991. Kenya huru, kwa maneno mengine, iliikalia karatasi ya mkoloni kwa karibu miaka 30.

Barabara nayo ilingoja. Kutoka Isiolo hadi Moyale ni kilomita zaidi ya 500, na kwa miaka mingi usafiri ulikuwa lori la ng'ombe. Abiria walikaa juu ya ng'ombe, kwenye vyuma vinavyokatiza bodi, miguu ikining'inia karibu na pembe, shuka limefungwa usoni kuzuia vumbi la jangwa la Dida Galgalu. Kabini ilikuwa ya mwenye pesa au mama mwenye mtoto mchanga. Malori yalisubiriana yaondoke pamoja chini ya ulinzi wa polisi, kwa sababu majambazi walikuwepo kweli, na ugomvi wa wenyeji pia: Julai 2005 shambulio la Turbi liliua makumi ya watu, wakiwemo watoto wa shule.

Lami ilipokamilika, katikati ya miaka ya 2010, safari ya siku mbili au tatu ikawa ya siku moja. Mitambo 365 ya umeme wa upepo ikapita sehemu ya njia hiyo kutoka bandari ya Mombasa hadi karibu na Ziwa Turkana, na Desemba 2020 kituo cha pamoja cha forodha kikafunguliwa Moyale. Mtalii wa Loiyangalani, kando ya ziwa, siku hizi analalamikia joto na bei ya mafuta.

Mwenyeji ana jambo jingine la kulalamikia. Kupata kitambulisho kaskazini kulihitaji usaili ambao mtoto wa Nyeri hakuujua, wazee wakiitwa kuthibitisha kwamba kijana ni Mkenya. Februari 2025, mjini Wajir, Rais William Ruto alitia sahihi tangazo la kuufuta. Vizuizi vya polisi kati ya Moyale na Isiolo ni habari nyingine. Basi bado linasimama, na kila abiria anatoa kitambulisho chake kikaguliwe.