Kinachoigeuza ekzosi ya pikipiki kuwa buluu
Waendeshaji bodaboda wa Ukunda, Diani na Msambweni huiona ekzosi mpya ya kromu ikigeuka manjano, kisha zambarau na buluu, karibu na injini. Hiyo si kutu. Joto huongeza unene wa utando wa oksidi ulio juu ya kromu, na unene huo ndio unaoamua rangi. Rangi kidogo ni jambo la kawaida. Lakini buluu ikienea upesi, fundi na akague kabureta isiyotoa petroli ya kutosha, gasketi inayopitisha hewa na wakati wa plagi kutoa cheche. Kubadilisha ekzosi pekee ni hasara, kwani mpya nayo itageuka vivyo hivyo. Kuisugua kwa msasa ni kosa kubwa zaidi, hasa ufuoni: kromu ni nyembamba mno, na ikichubuka, chumvi ya bahari hukifikia chuma kilicho chini yake.