Dawa ya Moto: Ugaidi na Sheria katika Ireland ya Kaskazini, 1971–1998

Wahenga walisema kuwa dawa ya moto ni moto. Methali hiyo huivutia sana dola iliyoshambuliwa na magaidi. Hata hivyo, historia ya Ireland ya Kaskazini yaonyesha kwamba dola ya kidemokrasia inayoifuata yaweza kuuchochea moto ule ule inaotaka kuuzima.

Alfajiri ya tarehe 9 Agosti 1971, serikali ya jimbo hilo, kwa idhini ya London, ilianza kuwatia watu kizuizini bila ya kuwafikisha mahakamani. Amri za namna hiyo zilikwisha kutumika huko huko miaka ya nyuma, na vilevile katika makoloni, Kenya ikiwa mojawapo baada ya 1952. Siku hiyo walikamatwa watu 342. Orodha za polisi zilikuwa zimechakaa, na zaidi ya 100 waliachiliwa katika muda wa siku mbili. Makundi ya Waprotestanti yenye silaha hayakuguswa. Wakatoliki wengi wakaiona sheria kuwa ni mali ya upande mmoja. Tarehe 30 Januari 1972, mjini Derry, wanajeshi waliwapiga risasi waandamanaji walioipinga amri hiyo. 13 wakafa siku hiyo. Uchunguzi wa mwaka huo uliwaondolea wanajeshi sehemu kubwa ya lawama. Serikali ya Uingereza iliomba radhi mwaka 2010, baada ya miaka 38. Jeshi la siri la IRA, ambalo nalo liliua raia kwa mabomu, likajipatia vijana wengi.

Hata maneno yaligeuka uwanja wa vita. Tangu 1976 serikali iliwahesabu wafungwa wapya kuwa wahalifu tu. Wao wakadai kuwa ni wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1981, kumi kati yao walikufa katika mgomo wa kutokula. Mmoja wao, Bobby Sands, alichaguliwa kuwa mbunge tarehe 9 Aprili akiwa gerezani, akafa tarehe 5 Mei. Wapiga kura walilikataa jina lililotolewa na dola. Lakini kwa kura hizo hizo wafuasi wa IRA waliona kwamba sanduku la kura nalo lina nguvu.

Mlango huo haukufungwa. Polisi na majasusi waliendelea na kazi yao, huku mazungumzo, ya siri na ya wazi, yakitafuta njia. Mkataba ulitiwa saini tarehe 10 Aprili 1998. Tarehe 15 Agosti, bomu la kundi lililoupinga liliua watu 29 mjini Omagh. Bunge lilikaza sheria, lakini kizuizi cha 1971 hakikurudishwa, wala Mkataba haukutupwa. Mwaka 2005 IRA ilisalimisha silaha zake.

Kwa hiyo, subira ya kidemokrasia si ulegevu. Gaidi hutamani dola iiache sheria yake yenyewe, kwani hapo ndipo raia hukosa sababu ya kuchagua kati yao. Omagh ilipolia, dola haikumpa nafasi hiyo.