Ukuta, plasta na chuma kinachoshikwa na mfupa

Kwenye jua la Isiolo, fundi wa mjengo hapigi plasta juu ya ukuta laini uliokauka. Kwanza huugongagonga kwa patasi hadi uparuze, kisha huumwagia maji. Akiruka hatua hizo, plasta itabanduka. Kanuni hizo mbili, kuparuza na kulowesha, ziliwachukua wataalamu wa vipandikizi vya titani, chuma kinachowekwa kwenye mfupa, zaidi ya miaka 50 kuzikamilisha.

Titani iligunduliwa Uingereza mwaka 1791 na William Gregor, lakini ilikuwa ngumu kuitenga hadi William Kroll wa Luxembourg alipobuni njia ya kuisafisha katika miaka ya 1930. Mwaka 1952, huko Lund, Sweden, mtafiti Per-Ingvar Brånemark alifunga vifaa vidogo vya titani kwenye mifupa ya sungura ili achunguze mtiririko wa damu. Alipotaka kuvitoa, havikutoka: mfupa ulikuwa umevishika. Mwaka 1965 alimpandikizia mgonjwa, Gösta Larsson, mizizi ya titani kwa ajili ya meno bandia. Larsson alikaa nayo hadi alipofariki mwaka 2006.

Mizizi hiyo ya mwanzo ilichongwa kwa mashine tu, na mgonjwa alingoja miezi kadhaa mfupa ushike. Mwaka 1991, mtafiti Daniel Buser na wenzake walilinganisha nyuso mbalimbali za titani kwenye mifupa ya nguruwe wadogo. Titani iliyong'arishwa iliguswa na mfupa kwa asilimia 20 hadi 25 ya uso wake. Iliyopigwa mchanga kisha kuoshwa kwa asidi, asilimia 50 hadi 60. Mikwaruzo inayofaa ni midogo mno, mikromita 1 hadi 2, ilhali unywele una unene wa mikromita 70 hivi.

Likabaki suala la maji. Robert Wenzel alikuwa ameonyesha mwaka 1936 kwamba mikwaruzo huzidisha tabia ya uso: unaopenda maji huyapenda zaidi, na unaoyakataa huyakataa zaidi. Titani safi hupenda maji, lakini ikikaa hewani hushika uchafu wa kaboni, na tone la maji husimama juu yake kama kwenye sufuria yenye mafuta. Damu nayo haitambai vizuri. Mwaka 2004, kundi la Buser lilijaribu titani iliyoparuzwa na kuhifadhiwa ndani ya maji ya chumvi. Baada ya wiki 2, mfupa ulikuwa umegusa asilimia 49 ya uso wake, dhidi ya 29 kwa ile iliyohifadhiwa pakavu.

 

Hata hivyo, si kila chuma kinafaa kuparuzwa. Nyonga bandia na mzizi wa jino vinakusudiwa kukaa, hivyo sehemu inayogusana na mfupa huparuzwa. Bamba na skrubu za mguu uliovunjika huenda zikatolewa baadaye. Zikishikwa sana na mfupa, kuzing'oa ni kazi. Hizo hufaa zikiwa laini.

Kwa hiyo, siku ukiambiwa utawekewa vyuma, muulize daktari: vitakaa au vitatolewa?