German Shepherd: Asili na afya ya mlinzi wa usiku

MBWA aina ya German Shepherd, anayetegemewa na polisi na kampuni za ulinzi, asili yake ni mchunga kondoo. Mnamo 1899, afisa wa zamani wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, alinunua dume akamwita Horand von Grafrath. Huyo ndiye wa kwanza kusajiliwa katika kizazi hiki.

Dume huwa na uzani wa kilo 30 hadi 40. Maradhi anayorithi ni nyonga zisizokaa sawa na kudhoofika kwa uti wa mgongo, hali inayopoozesha miguu ya nyuma. Tumbo lake pia huweza kujaa hewa na kujipinda, akafa kwa saa chache.

Katika mtaa kama Ndia Kuu, Mombasa, ambako nyumba zimebanana na joto la pwani lina unyevu, manyoya yake mazito humtesa. Anahitaji kivuli, maji na matembezi ya alfajiri. Kupe nao humwambukiza maradhi ya damu. Dalili ni homa, kukataa chakula na ufizi kupauka.

La kuogofya zaidi ni kichaa cha mbwa, ambacho dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, ni nadra mno kupona. Mbwa achanjwe kila mwaka. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitali siku hiyo hiyo.