Mirunda

Ukiona ghorofa inapanda Biharamulo mjini, kitu cha kwanza kukivuta jicho ni msitu wa mikaratusi uliosimamishwa chini ya mbao. Mafundi huiita mirunda. Zege likishakomaa mirunda hutolewa, na hakuna anayeikumbuka tena. Mimi nimependa kuifuatilia historia yake kwa sababu kila sakafu ya ghorofa ina siku kadhaa ambazo haiwezi kujibeba.

Tuanzie pwani. Katika nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar, fundi alilaza boriti za mikoko toka ukuta hadi ukuta, akapanga juu yake vipande vya matumbawe, kisha akamwaga chokaa na kokoto na kuishindilia. Boriti zilibeba mzigo ungali mbichi, na zikabaki kuubeba ulipokauka. Gharama yake ilikuwa upana. Boriti haikuvuka zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba. Boriti hizohizo zilipakiwa majahazini hadi Oman na Ghuba, na huko nako upana wa chumba ukafuata urefu wa mkoko.

Zege lenye nondo liliruhusu vyumba vipana, lakini lilidai kitanda cha muda: mbao, na mirunda chini yake. Mwaka 1936 Mswisi William de Vigier alianzisha kampuni ya Acrow jijini London, akiuza nguzo ya chuma ya kurefushwa: bomba ndani ya bomba, pini ya kulishikilia na pete ya kuzungusha ili kupata kimo kamili. Nguzo hiyo ikaenea duniani. Huku kwetu mkaratusi bado unatawala, kwa kuwa unapatikana jirani na kwa bei nafuu.

Baadaye likaja bati la chuma lenye migongo, linalolazwa juu ya mihimili na kumwagiwa zege. Zege likishika, bati hugeuka kuwa sehemu ya nondo, na vijishimo vilivyogongwa kwenye migongo huvizuia viwili hivyo visiteleze. Halitolewi kamwe. Kwa wazo, ni boriti ya Lamu iliyorudi ikiwa ya chuma. Mpaka wake nao unakaribiana na ule wa zamani: mabati mengi ya aina hii huishia mita 3 hadi 4 bila msaada. Zaidi ya hapo, lazima mirunda isimame katikati.

Piga hesabu. Zege lina uzito wa kilo 2,400 hivi kwa mita moja ya ujazo. Sakafu ya unene wa sentimita 15 huweka kilo 360 juu ya kila mita ya mraba, na chumba cha mita 4 kwa 4 hubeba karibu tani 6, kabla hujawahesabu vibarua na mikokoteni yao. Kwa saruji ya kawaida, baada ya siku 7 zege huwa limefikia takribani theluthi mbili za nguvu linayopimiwa siku ya 28. Juu linaonekana gumu, unatembea juu yake, na hapo ndipo mwenye nyumba huanza kuuliza mirunda inangoja nini.

Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Kibali chake kilikuwa cha ghorofa 10. Siitaji ajali hiyo kama kosa la mirunda. Ninaitaja kwa sababu zege halijui haraka ya mtu wala halisomi kibali. Linajua uzito na siku.

Mirunda ya kukodi hulipiwa kwa siku. Kila siku inayongojwa ni fedha, na anayeamua ni mwenye nyumba, huku anayepita chini yake ni kibarua. Fundi anayesema “bado” anamgharimu tajiri wake, na pengine anaukosa mkataba unaofuata. Tunayapiga picha majengo yakikamilika. Ningependa tumheshimu pia yule aliyekataa kuvuta mti siku ya saba.